Sikio la Ndama Likilegea, Usingoje

Mkulima mwenye ng'ombe wa gredi huhesabu mali yake kwa maziwa yanayokwenda asubuhi kwa chama cha ushirika. Ni hesabu njema, lakini si hesabu yote. Mali nyingine imo katika kibanda cha ndama. Ndama jike aliyezaliwa leo, akitunzwa vizuri, atazaa na kuanza kutoa maziwa akiwa na umri wa miezi 27 hadi 30 hivi. Akifa, au akidumaa, hasara haionekani leo. Itaonekana baada ya miaka miwili na nusu, mama yake atakapokuwa amezeeka na hakuna wa kushika mahali pake. Hapo mkulima wa skimu hulazimika kununua mtamba kwa jirani, na kila mtu ajua bei ya mtamba.

Ndiyo sababu mwezi huu twataka kuzungumza nawe, ndugu mkulima, juu ya ugonjwa ambao wengi huuona kwa macho wasiutambue. Ni ugonjwa wa sikio la kati. Huwashika zaidi ndama ambao bado wananyweshwa maziwa, hasa kuanzia juma la pili hadi la sita baada ya kuzaliwa, ingawa hata ndama wa miezi michache aweza kuupata. Ukitambuliwa mapema unatibika. Ukiachwa unaua, au humwacha ndama na kichwa kilichopinda maisha yake yote.

NYUMBA YENYE MLANGO WA NYUMA

Ili uelewe tiba yake, yafaa kwanza uelewe sikio lenyewe. Lifikiri kama nyumba yenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni baraza: ni lile tundu unaloliona, ambamo kupe hupenda kujificha. Mwisho wa baraza kuna mlango uliofungwa, nao ni ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma ya ngoma hiyo kuna chumba kidogo cha kati, kilichomo ndani ya mfupa, nacho hujaa hewa. Baada yake kiko chumba cha ndani kabisa, ambacho kazi yake ni kusikia na kumsaidia mnyama asimame sawasawa bila kuyumba.

Sasa angalia jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Chumba cha kati kina mlango wa nyuma. Ni mfereji mwembamba unaotoka sikioni hadi kooni. Ugonjwa tunaousema mara nyingi hauingii kwa barazani. Huingia kwa mlango wa nyuma, kutoka koo na pua. Vijidudu vilivyomo kooni hupanda kwa mfereji ule mpaka chumba cha kati. Mfereji huvimba na kuziba, usaha hujaa ndani, wala hauna pa kutokea. Ndama huumwa sana, kama mtoto mwenye jipu ndani ya sikio.

Kando ya chumba hicho hupita mshipa wa fahamu unaoinua sikio, unaofumba jicho na kuchezesha mdomo. Usaha ukiusonga mshipa huo, sikio hulegea. Kwa hiyo sikio lililolegea si uvivu wa ndama wala si usingizi. Ni alama kwamba ndani ya mfupa kuna usaha.

DALILI ZAKE

Anayemnywesha ndama kila siku ndiye huona kwanza, na katika mashamba mengi huyo ni mama wa nyumba au mmoja wa watoto. Basi habari hii isomwe na wote, si na mwenye shamba peke yake.

Mwanzoni ndama hutikisa kichwa mara kwa mara, au hukwaruza sikio kwa mguu wa nyuma, au husugua kichwa kwenye ubao. Hana hamu ya maziwa kama jana. Ukimpima homa, utakuta joto limepita digrii 39.5 za Sentigredi. Ndama mzima huwa na digrii 38.5 hadi 39.5. Kisha sikio moja hulegea, na mara nyingine yote mawili. Ukope wa jicho la upande ule hushuka, na machozi hutiririka. Maziwa hudondoka pembeni mwa mdomo anapokunywa. Ndama wengine hukohoa na kuhema, kwa sababu ugonjwa huu na homa ya mapafu ni majirani; vijidudu vile vile huweza kuwa kooni, mapafuni na sikioni kwa wakati mmoja.

Siku zikipita, ngoma ya sikio huweza kupasuka, na usaha mzito ukatoka nje. Wengine wakiona hivyo hufurahi, wakisema ugonjwa umetoka. La, ugonjwa bado umo. Na usaha ukiingia chumba cha ndani, kichwa huinama upande mmoja, macho huchezacheza, ndama huzunguka kama aliyelewa na kuanguka. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye ubongo. Ndama aliyefika hatua hiyo ni vigumu kumwokoa.

SI KILA SIKIO BAYA LINA UGONJWA HUU

Usikate shauri kabla ya kutazama vizuri. Fungua sikio mchana kweupe utazame barazani. Kupe wengi wakiwa ndani, hasa kupe wa kahawia wapendao masikio, sikio huweza kuvimba na kuwa zito. Lakini kupe hao huleta jambo kubwa zaidi, nalo ni ndigana kali, ambayo wengi wetu huiita East Coast. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega. Ukikuta tezi zimevimba kama yai, na ndama ana homa, mwite daktari siku hiyo hiyo, maana dawa ya ndigana ni nyingine kabisa na ugonjwa huo haungoji.

Ng'ombe wakubwa huweza kupata minyoo midogo sana sikioni, na usaha wake hunuka vibaya mno. Huo nao una tiba yake. Tena kuna onyo moja la kuokoa maisha yako mwenyewe: mnyama anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza, na ambaye tabia yake imebadilika, aweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani mwake. Mfungie mahali salama na kupeleka habari mara moja.

VIJIDUDU VYENYEWE

Vijidudu vya aina kadha huweza kuleta ugonjwa wa sikio la kati, lakini vinavyojulikana zaidi kwa ndama wa maziwa huitwa Mycoplasma bovis. Vilitambuliwa mara ya kwanza katika Marekani mwaka 1961, katika maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Mwaka 2017 vilionekana kwa mara ya kwanza New Zealand, nchi inayoishi kwa maziwa, na mwaka 2018 serikali ya huko ikakata shauri kuviondoa kabisa kwa kuchinja makundi yote yaliyoambukizwa. Ng'ombe zaidi ya laki moja walichinjwa. Nchi haifanyi hivyo kwa jambo dogo.

Kumbuka vilikotambuliwa: katika maziwa ya kiwele kigonjwa. Sasa fikiri tunavyofanya mashambani. Maziwa ya ng'ombe mwenye kiwele kibaya hayapokelewi na ushirika. Mkulima asiyetaka kupoteza kitu huyamimina katika ndoo ya ndama. Ndama hunywa, maziwa hupita kooni, na pale kooni ndipo ulipo mlango wa nyuma wa sikio. Alidhani ameokoa lita tatu, kumbe amemtia mtamba wake katika hatari.

Ndama mmoja akiisha kuugua, huwapa wenzake kwa pua, kwa kikohozi, na kwa ndoo moja inayopita toka kinywa hadi kinywa. Katika mahali pa baridi kama Kinangop na Ol Kalou yatupasa tuangalie zaidi, kwa kuwa vijidudu hivi huweza kuishi kwa majuma kadha ndani ya maziwa yaliyopoa au katika kitambaa chenye unyevu. Jua, ukavu na maji ya moto ndivyo adui zao.

TIBA

Jambo la kwanza ni kumwita daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyeandikishwa. Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo iko chini ya serikali za kaunti, basi uliza katika ofisi ya wadi yako, au katika chama chako cha ushirika. Mwite siku unapoliona sikio limelegea, si juma lijalo. Siku za kwanza usaha ni mwepesi na dawa hupenya. Baadaye usaha huganda kama jibini, mfupa wenyewe huanza kuoza, na dawa haipati njia.

Jambo la pili ni dawa yenyewe. Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba penisilini huponya kila kitu. Si hivyo. Penisilini hufanya kazi kwa kuharibu ukuta unaozunguka kijidudu. Mycoplasma haina ukuta. Huwezi kubomoa ukuta usiokuwako, hata ukichoma sindano kumi. Mkulima aliyenunua penisilini dukani na kumchoma ndama siku tano, kisha akasema ugonjwa huu hauna dawa, alitumia dawa isiyo yake. Daktari huchagua dawa za namna nyingine, kama oksitetrasaiklini, florfenikoli au tulathromaisini, kwa kadiri ya ndama na zilizoko. Mara nyingi huongeza dawa ya kupunguza maumivu na uvimbe, kwa sababu ndama mwenye maumivu hanywi, na asiyekunywa hana nguvu ya kupona. Usimpe ndama vidonge vya binadamu.

Kipimo hufuata uzito. Kwa mfano, ile oksitetrasaiklini ya kukaa mwilini, yenye miligramu 200 katika kila mililita, kipimo chake cha kawaida ni mililita 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ndama wa kilo 50 hupata mililita 5. Anayekisia kwa macho huweza kumpa ndama nusu ya kipimo, na nusu ya kipimo huwafundisha vijidudu kuizoea dawa. Tumia utepe wa kupimia kifua.

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote: tiba hii ni ndefu. Chumba cha sikio kimezungukwa na mfupa, na damu inayopeleka dawa huko ni kidogo. Siku tatu hazitoshi. Mara nyingi huhitajiwa siku 7 hadi 14, kwa sindano za kila siku au kwa dawa zinazokaa mwilini siku nyingi, kama daktari atakavyoamuru.

MFANO WA MAJIRANI WAWILI

Tuseme kuna majirani wawili katika skimu moja, na kila mmoja ana ndama jike mwenye umri wa majuma matatu. Siku moja ndama wote wawili wanalegea sikio. Jirani wa kwanza anasema, "Ni kupe." Anachanganya mafuta ya taa na dawa ya kupe, anamimina sikioni. Ndama anaruka kwa uchungu. Mafuta yanaunguza baraza, lakini mlango umefungwa, nayo hayafiki chumba cha kati hata tone moja. Na kama ngoma ilikuwa imekwisha pasuka, basi ni vibaya zaidi, maana sumu imeingia ndani. Baada ya siku kumi kichwa cha ndama kimepinda. Baada ya juma jingine amekufa.

Jirani wa pili anamwita daktari siku ile ile. Ndama anachomwa sindano. Siku ya nne sikio limeanza kuinuka na ndama anamaliza maziwa yake. Mkulima anawaza moyoni: "Amepona. Dawa iliyobaki nitaiweka kwa ndama mwingine, nami nitaokoa pesa." Hapa ndipo wengi huanguka, hata walio hodari. Dalili zimepungua, lakini usaha bado umo katika chumba cha mfupa. Akiacha siku hiyo, baada ya juma moja au mawili sikio huweza kulegea tena, na safari hii vijidudu vimekwisha kuijua dawa. Pesa alizookoa zitatoka mara mbili. Akiendelea mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa na daktari, atakuwa na mtamba.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika siku ya sindano ya kwanza, jina la dawa, kipimo, na siku ya mwisho. Itundike karibu na ndoo ya ndama, ili hata ukiwa safarini wa nyumbani ajue. Andika pia siku za kungoja zilizochapwa juu ya chupa, maana mnyama aliyetiwa dawa hachinjwi kabla hazijaisha. Hilo lakumbukwe hasa kwa ndama dume wanaouzwa kwa nyama.

MALEZI YA NDAMA MGONJWA

Sindano peke yake haitoshi. Mtenge ndama mgonjwa na wenzake, mahali pakavu pasipo upepo wa moja kwa moja, juu ya matandiko mengi ya majani makavu. Mnyweshe mwisho, baada ya wazima, kisha unawe mikono. Ikiwa mdomo umelegea na maziwa yanadondoka, mpe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, kwa subira, usimimine kooni kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Asiyeweza kumeza kabisa, mwambie daktari. Mpe maji safi katika chombo kisichopinduka, kwa kuwa anayeyumba huweza kuangukia ndoo. Futa usaha uliotoka nje kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha ukichome kitambaa hicho. Usiingize kijiti, wala manyoya ya kuku, wala dawa yoyote ndani ya tundu. Kama sikio lahitaji kuoshwa ndani, hiyo ni kazi ya daktari.

Ndama wengine hupona lakini kichwa hubaki kimeinama kidogo. Akinywa, akila na kukua, si lazima umwondoe. Aweza kuja kuwa ng'ombe mzuri.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

Mambo ya kufanya ni machache, wala mengi yake hayahitaji pesa.

Mpe ndama maziwa ya mwanzo ya mama yake mapema, kabla ya saa sita kupita tangu kuzaliwa. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 apate lita 4 hivi. Maziwa hayo ndiyo ngao yake juu ya magonjwa mengi ya siku za kwanza.

Usimpe ndama maziwa ya kiwele kigonjwa. Huenda utauliza: je, nikiyachemsha? Moto huua vijidudu, lakini hauondoi dawa iliyomo katika maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa. Maziwa ya ng'ombe aliye katika siku za dawa yamwagwe shimoni. Na maziwa mazuri ambayo huna hakika nayo, yachemshe, kisha uyapoze mpaka yawe na vuguvugu kama yatokavyo kiweleni.

Kila ndama awe na ndoo yake, au chupa yake. Zioshwe kila mara kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani zikiwa zimefudikizwa. Kitambaa cha kupangusia kiwele kisipite toka ng'ombe hadi ng'ombe.

Kibanda kiwe kikavu na kiwe na hewa. Wengine, kwa kuogopa baridi ya mlimani, huziba kila tundu mpaka ndama wanavuta harufu ya mkojo usiku kucha. Mkojo huo huchoma mapafu na kufungua njia ya ugonjwa. Ziba upande wa upepo, acha nafasi juu ya hewa kutoka, na ubadili matandiko mara yanapolowa. Piga magoti ndani ya kibanda kwa muda mfupi: magoti yakilowa, au macho yakiwasha, ndama wako naye anateseka.

Ukinunua ndama au ng'ombe mnadani, usimchanganye na wako mara moja. Mweke peke yake majuma mawili au matatu umtazame, na maziwa yake yapimwe kiwele kabla hayajafika ndoo ya ndama.

KAZI YA DAKIKA MOJA

Baada ya hayo yote, kuna kazi moja ya dakika moja tu. Kila asubuhi, kabla hujatia maziwa katika ndoo, simama mlangoni mwa kibanda uwatazame ndama wanavyokuja. Ndama mzima huja mbio, masikio yote mawili yamesimama sawa. Ukiona moja limeshuka, liwe la kushoto au la kulia, usiseme "nitamtazama jioni." Chukua kipimajoto, papasa tezi, fungua sikio utafute kupe, kisha upeleke habari kwa daktari kabla maziwa hayajakwenda ushirika. Siku ile ya kwanza ndama bado ni wako. Baada ya juma moja, huenda ni wa usaha.